Ufunguo Bila Daftari: Somo Kutoka Ofisi Moja ya Kilindoni

Kazi ya kukagua wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo ilinifikisha Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia. Nilikwenda kwa siku mbili, nikakaa nne. Sababu haikuwa bahari kuchafuka, ingawa kila aliyewahi kusubiri boti pale Nyamisati anajua kuwa bahari nayo ina ratiba yake. Sababu ilikuwa simu za mezani.

Mwanafunzi wangu alikuwa amepangiwa ofisi ndogo inayotoa msaada wa kisheria. Sitaitaja ofisi hiyo wala watu wake, kwa kuwa kisiwa ni kidogo na jambo lenyewe linahusu siri za watu. Ofisi husikiliza mashauri ya mirathi ya mashamba ya minazi, talaka, matunzo ya watoto na vipigo vya ndani ya nyumba. Wengi wanaoikimbilia ni wanawake. Baadhi yao hawafiki kabisa. Hupiga simu tu, kwa sababu mtu akionekana anaingia pale, habari hutangulia nyumbani kabla yake.

Nilipofika nilimkuta msimamizi, mama aliyekaribia umri wa kustaafu, hana raha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia bila kuzunguka: "Mwanangu Dokta, umekuja siku mbaya. Humu ndani tuna mtu anayetoa maneno nje."

Mmoja wa wateja wao, mjane anayedai haki yake katika shamba la marehemu mumewe, alikuwa amefuatwa na shemeji zake. Walimwambia kuwa wanajua ofisi anayowasiliana nayo, na wanajua shauri lake linahusu nini. Mjane alikuwa hajamwambia mtu. Msaidizi wa kisheria aliyempokea aliapa kuwa naye hajamwambia mtu. Akabaki karani wa mapokezi, binti wa miaka ishirini na ushei, ambaye ndiye aliyekuwa akishika ufunguo wa chumba cha ndani ili akifagie asubuhi.

Hakuna aliyemwandikia barua ya tuhuma. Alinyang'anywa ufunguo tu, na tangu siku hiyo wenzake wakawa wanateremsha sauti anapopita. Anayeyajua maisha ya ofisi za kwetu anaelewa kuwa hiyo ni hukumu iliyokwisha kutolewa, na haina rufaa.

Siku hiyohiyo alikuwapo fundi, kijana wa TEHAMA aliyetoka Dar es Salaam kuja kubadilisha simu mbili zilizoharibika. Simu zenyewe si zile za waya wa shaba tulizokua nazo enzi za Posta na Simu. Ni simu za mezani zinazotumia mtandao wa kompyuta, ambazo siku hizi zimejaa katika ofisi, benki, hoteli na vyuo vyetu. Kijana aliyasikia mazungumzo yetu, akasita kidogo, halafu akauliza: "Samahani mama, aliyezifunga simu hizi bado yupo?" Akajibiwa kuwa aliondoka zamani. "Basi nikiruhusiwa, niwaonyeshe kitu."

Akaruhusiwa, tena mbele yetu sote. Nalisema hili makusudi, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaifanya kuwa kosa kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini. Msomaji asije akalijaribu kwa jirani.

Kijana hakuingia chumba cha ndani. Alitoka nje, akaketi barazani pamoja na vijana wa mtaa ambao kila alasiri hukusanyika pale. Huwafuata intaneti. Ofisi, kwa ukarimu wa kisiwani, ilikuwa imewapa majirani nywila ya Wi-Fi, na karatasi yenye nywila hiyo ilibandikwa ukutani mapokezi. Alikuwa ameandika kiganjani herufi na tarakimu kumi na mbili alizozisoma katika lebo iliyo chini ya simu moja. Akafungua kompyuta yake mpakato, akaandika anwani ya seva ya simu, akaongeza zile herufi na tarakimu. Ukurasa ukafunguka mara moja, kama gazeti.

Ili tuelewe kilichotokea, hatuna budi kuelewa simu hizi zinavyoamka asubuhi. Simu ya aina hii ikitoka dukani haijui kitu. Haijui namba yake, haijui ofisi yake, haijui jina la anayeitumia. Ikichomekwa kwenye mtandao huuliza mambo mawili: nipewe anwani gani, na maelekezo yangu yako wapi? Huelekezwa kwenye seva, nayo huenda kuomba faili lake la mipangilio. Faili hilo kwa kawaida hupewa jina linalotokana na namba ya utambulisho iliyochapwa juu ya simu yenyewe kiwandani. Simu hulisoma, hujipanga, na baada ya dakika moja au mbili inaweza kupiga na kupigiwa. Ndivyo fundi mmoja anavyoweza kufunga simu mia tano bila kuzigusa moja moja.

Ubunifu huu ni mzuri, lakini ulizaliwa katika zama za kuaminiana. Mojawapo ya njia za kuchukulia mafaili hayo, iitwayo TFTP, iliandikiwa maelezo yake mwaka 1981 na yakafanyiwa marekebisho mwaka 1992. Ndani yake hamna mahali pa kuuliza jina la anayeomba wala nywila yake. Anayeomba hupewa. Ofisi nyingine hutumia njia ileile ya kurasa za tovuti, lakini bila kufuli lolote, na matokeo hayatofautiani sana.

Mtu anaweza kusema kuwa walau jina la faili ni gumu kulikisia. Si gumu kiasi hicho. Nusu ya kwanza ya ile namba humtambulisha mtengenezaji, kwa hiyo inajulikana. Nusu ya pili ina michanganyiko 16,777,216, ambayo kwa mwanadamu ni mingi lakini kwa kompyuta ni kazi ya kusubiri tu. Tena simu zilizonunuliwa pamoja mara nyingi namba zake hufuatana. Ukiipata moja, umezikaribia dada zake. Na yote hayo hayana haja ikiwa lebo iko chini ya simu ya mapokezi, mbele ya kila mgeni.

Faili lile lilikuwa na nini? Lilikuwa na jina na nywila ambazo simu hujitambulisha nazo kwa seva. Mwenye vitu hivyo viwili anaweza kuigeuza kompyuta yake kuwa simu ya ofisi: akapiga simu za nje ya nchi kwa gharama ya ofisi, au akapokea simu zilizokusudiwa kwa msaidizi wa kisheria. Lilikuwa na nywila ya msimamizi wa simu, ileile kwa simu zote. Na lilikuwa na orodha ya vitufe vya kupigia haraka vya simu ya chumba cha ndani. Mtu fulani, kwa nia njema ya kurahisisha kazi, alikuwa ameandika humo majina ya wateja wenye mashauri yanayoendelea, na mbele ya kila jina neno moja: mirathi, talaka, matunzo. Jina la mjane wetu lilikuwa la nne.

Msimamizi alivaa miwani yake, akasoma, akaivua. Akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe nilifunga mlango, na ukuta haupo."

Sasa naomba tuwe waangalifu. Je, shemeji za mjane walizipata habari zile barazani? Hatukujua, na hatutajua. Seva ile haikuwa imepangwa kuweka kumbukumbu ya nani aliomba faili gani na lini. Huenda mmoja wa vijana wa barazani ni mdadisi. Huenda mjane alisikika akizungumza na simu shambani. Huenda, kwa kweli, ni karani. Lakini hilo la mwisho lilikuwa sasa ni dhana moja miongoni mwa nyingi, ilhali asubuhi yake lilikuwa ndiyo kauli pekee. Binti yule alituhumiwa kwa sababu alikuwa ndiye mtu pekee aliyejulikana kuwa na njia ya kuifikia siri ile. Walioweza kuifikia bila ufunguo walikuwa mtaa mzima, na kwa kuwa hawakujulikana, hawakushukiwa.

Hapo ndipo nilipolielewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria katika miaka yangu ya kufundisha. Tunapozungumzia ulinzi wa taarifa, tunamfikiria mwenye siri na mwizi wa siri. Tunamsahau mtu wa tatu: mtumishi mdogo anayefanya kazi karibu na siri, ambaye ikivuja ndiye hubebeshwa. Pasipo na kufuli, hakuna namna ya kumwondolea mtu lawama. Mara ngapi tumesikia waraka umevuja katika ofisi ya umma, na jambo la kwanza likawa kumsaka msaliti, wachapaji na madereva wakahamishwa, na hakuna aliyeuliza iwapo waraka wenyewe ulikuwa kwenye kompyuta isiyo na nywila?

Dawa ya faili lile inaitwa usimbaji fiche. Jina linatisha, lakini kwetu pwani wazo lenyewe si geni. Watoto wengi wa mwambao wamewahi kucheza kinyume: silabi ya mwisho inapelekwa mbele, samaki akawa kisama, na wakubwa wakaachwa wakikodoa macho. Kinyume ni usimbaji. Udhaifu wake ni kuwa siri yote imo katika kanuni. Siku mama akiijua kanuni, watoto hawana tena pa kujificha. Mwaka 1883 Mholanzi mmoja aliyeishi Ufaransa, Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha, aliandika katika jarida la kijeshi la huko kuwa mfumo mzuri wa maandishi ya siri ni ule ambao hata adui akiupata wote hautaleta madhara, maadamu hajaupata ufunguo. Kanuni iwe wazi kwa kila mtu. Kinachofichwa ni ufunguo.

Ndivyo kanuni ya AES, ambayo simu nyingi za ofisini huitumia kusimbua mafaili yao, ilivyopatikana. Ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikashinda katika shindano la wazi ambalo wataalamu wa dunia nzima waliruhusiwa kuivunja kama wangeweza, na Novemba 2001 Marekani ikaitangaza kuwa kiwango chake rasmi. Mtu yeyote anaweza kuisoma. Ufunguo mfupi kabisa unaokubaliwa ndani yake ni mmoja kati ya idadi yenye tarakimu 39. Faili likisimbwa kwa ufunguo wa namna hiyo, kijana wa barazani anaweza kulichukua, akalala nalo, akaamka nalo. Ataona takataka tupu. Simu yenye ufunguo italisoma kama kawaida.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Faili ndilo mtungi, simu ndiyo kata. Lakini methali hii ina onyo ambalo mafundi wetu hulisahau: mtungi ukizibwa, swali huhamia kwa kata. Usimbaji hauiondoi siri duniani. Huitoa katika faili na kuipeleka katika ufunguo. Aliyekuwa na faili la kulinda sasa ana ufunguo wa kulinda, na tofauti ni kwamba ufunguo ni mdogo, unaweza kuhesabiwa, na unaweza kuwa na mwenyewe.

Kazi ilichukua siku mbili, na ndiyo iliyonichelewesha, kwa kuwa mwanafunzi wangu aliomba abaki ajifunze nami nikaona haya kumwacha. Kwanza fundi aliitenga Wi-Fi ya majirani na mtandao wa simu, ili baraza libaki na ukarimu wake bila kuwa mlango. Kisha alibadilisha nywila zote. Jambo hili hupuuzwa: faili lililokwisha kuwa wazi, ukilisimba bila kubadilisha yaliyomo, ni sawa na kufunga banda kuku wakiwa nje. Alitengeneza ufunguo wa kila simu peke yake, kwa sababu ufunguo mmoja wa simu zote maana yake ni kuwa simu moja ikiibwa, zote zimeibwa. Aliuingiza kila ufunguo kwa mkono katika simu yake, akayasimba mafaili, akayaweka kwenye seva, kisha akayafuta yale ya zamani, pamoja na nakala zilizokuwa kwenye flashi na kwenye barua pepe ya mtu aliyeondoka. Akaipanga seva izungumze na simu kwa njia iliyosimbwa tu, na iandike kila anayeomba faili. Mwisho, kwa shauri la msimamizi mwenyewe, majina ya wateja yakaondolewa kabisa katika vitufe. Kabla ya kuisimba siri, ni busara kuuliza kama ilikuwa na haja ya kuandikwa.

Aidha kijana alitutahadharisha tusijidanganye. Kusimba faili la mipangilio si kusimba mazungumzo. Sauti inayosafiri kwenye waya inahitaji usimbaji wake, na hilo aliliwasha pia pale vifaa viliporuhusu. Wala hakuna usimbaji unaomzuia mtu kusimulia nyumbani alichokisikia kazini.

Mgogoro ulizuka mwishoni. Funguo zihifadhiwe wapi? Zitahitajika kila mipangilio itakapobadilishwa. Kijana alijibu kwa moyo mweupe, "Nitakaa nazo mimi kwenye kompyuta yangu. Mkinihitaji mtanipigia." Sikumlaumu, nadhani ndivyo mambo yanavyokwenda katika ofisi nyingi. Lakini tafakari maana yake. Siku akibadilisha namba, akipata kazi nchi nyingine, au akigombana na ofisi kuhusu malipo, ofisi itakuwa mfungwa wake. Na siku kompyuta yake ikiibwa kwenye daladala, siri za wanawake wa Mafia zitakuwa sokoni Dar es Salaam.

Ikaamuliwa kuwa funguo zichapwe, zitiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na bahasha ikae ndani ya kasha la chuma lenye makufuli mawili, kila kufuli na mtu wake. Mtu wa kwanza alikuwa msimamizi. Wa pili, mama yule alimwita karani. Nadhani ilikuwa njia yake ya kuomba radhi bila kutamka neno, kama watu wazima wa kwetu wanavyofanya.

Binti akakataa.

"Mama, nisamehe," alisema, macho chini. "Ufunguo wa chumba ndio ulioniponza. Nikishika na huu, neno likitoka tena nitasema nini?"

Chumba kikawa kimya. Msimamizi akamuuliza anataka nini basi. Akajibu, "Daftari. Bahasha ikifunguliwa, aliyeifungua aandike jina, saa na sababu, na mwenzake atie saini. Likiwapo hilo nitashika. Lisipokuwapo, mpeni mwingine."

Daftari lilinunuliwa mchana uleule katika duka la jirani, la kurasa mia moja na jalada gumu. Mstari wa kwanza aliuandika yeye.

Niliondoka kesho yake alfajiri. Boti inayokwenda Nyamisati huvuka mkondo na kuingia kwenye vinywa vya Mto Rufiji, kati ya mikoko. Humo ndimo manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilimojificha mwaka 1914, baada ya kuizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, pale Zanzibar mwezi Septemba. Maficho yalikuwa mazuri: matawi mengi ya mto, maji yasiyofahamika kwa wageni, miti inayoziba upeo. Lakini mwezi Oktoba Waingereza waliikamata Lindi meli nyingine ya Kijerumani, Präsident, wakakuta ndani yake nyaraka zilizodokeza mahali Königsberg ilipo. Kabla ya mwezi kwisha wakawa wameiona. Januari 1915 waliitwaa Mafia, wakaifanya kituo cha ndege za kuelekezea mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 mwisho wa manowari ile ukafika.

Nilipoitazama mikoko nilifikiria kuwa Königsberg haikusalitiwa na mtu. Siri yake ilikuwa katika karatasi za meli nyingine, bandari nyingine, mikononi mwa watu ambao huenda hawakufikiria kuwa wanashika uhai wa wengine. Hiyo ndiyo hali ya raia leo. Siri zangu nyingi haziko kwangu. Ziko hospitalini, benki, kwa mwajiri, kwa kampuni ya simu, katika ofisi ya serikali ya mtaa. Ninaweza kufunga mlango wangu kwa makufuli saba. Mimi bado ni jina la nne katika faili la mtu mwingine.

Nchi yetu imelitambua jambo hili katika sheria. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inatambua haki ya mtu kuheshimiwa maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi na Rais Aprili 2024. Sheria inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili na azilinde. Ni hatua ya kupongezwa. Ila nina wasiwasi kuwa utekelezaji utaishia kwenye vyeti vya usajili vilivyotundikwa ukutani, pengine juu ya ile karatasi yenye nywila ya Wi-Fi. Mkaguzi akifika ofisini ataona mlango, kufuli na kabati. Nani atapindua simu asome lebo iliyo chini?

Kuna na jambo la pili, gumu zaidi. Serikali hiyohiyo inayotutaka tusimbe imekuwa haina raha tunaposimba. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa tangazo la kuwataka watu binafsi na kampuni zinazotumia VPN watoe taarifa zao kabla ya mwisho wa mwezi ule. VPN ni nini kama si mfereji uliosimbwa? Ofisi ya Kilindoni ikitaka siku moja kuunganisha simu zake na makao yake makuu bara bila kusikilizwa njiani, hiyo ni mojawapo ya njia atakazopendekeza fundi. Siipuuzi hoja ya dola. Wahalifu hujificha katika mifereji hiyohiyo, na dola isiyoweza kumfuatilia mhalifu haimlindi mjane wala mtoto. Katiba yenyewe inakubali kuwa haki hii inaweza kuingiliwa, kwa sharti kuwa sheria ieleze ni wakati gani, kwa namna gani na kwa kiasi gani.

Lakini nikiambiwa nikabidhi ufunguo, au niandikishe kufuli langu, nitauliza alichouliza karani. Daftari liko wapi? Bahasha ikifunguliwa, ataandika nani jina, saa na sababu? Atatia saini nani pembeni ambaye si mtu wa ofisi ileile? Na mwenye siri ataruhusiwa lini kulisoma daftari hilo, aone kama jina lake lilifunguliwa, na kwa nini? Mamlaka inayoshika funguo bila daftari haituhatarishi sisi tu. Inawahatarisha hata watumishi wake waaminifu, maana siku siri ikivuja watashukiwa wote, na mdogo kuliko wote ndiye atakayenyang'anywa ufunguo wa chumba.

Baada ya wiki tatu mwanafunzi wangu alinitumia ujumbe. Shauri la mjane linaendelea. Vijana bado wanakuja barazani. Karani amerudishiwa ufunguo wa chumba cha ndani, na asubuhi ya kwanza kabla ya kufagia alifungua ukurasa mwingine wa lile daftari, akaandika saa aliyoingia.